Kivuli Kinavyochora Jiji: Niliyojifunza kwa Kupiga Picha Majengo ya Dar es Salaam

Jiji la Dar es Salaam huonekana vizuri zaidi kutoka majini kuliko kutoka barabarani, na sababu yake ni umbo la ardhi tu. Mlango wa bandari ni mwembamba, maji yanaingia ndani na kupinda, na majengo makuu yamejipanga kando ya ukingo huo kuanzia soko la samaki la Feri, kupita Kivukoni, hadi Kanisa la Azania Front na Barabara ya Sokoine. Anayesimama upande wa Kigamboni anaona karne moja na nusu ya ujenzi kwa mara moja: paa la vigae vyekundu, mnara wa kanisa, maghorofa ya zege ya baada ya Uhuru, na nyuma yake minara ya vioo inayowaka asubuhi. Ni miji michache inayomwonyesha mtu historia yake yote kwa bei ya tiketi ya pantoni.

Mimi ni mkazi wa Kigamboni, na kazi inayonilisha ni ya hesabu, katika ofisi moja iliyoko katikati ya mji. Daraja la Kigamboni lenye urefu wa mita 680 lilipofunguliwa mwaka 2016, majirani wengi wenye magari walihamia huko, lakini mimi niliendelea na pantoni kwa ajili ya zile dakika chache za kusimama ukingoni na kulitazama jiji likisogea. Nilianza kupiga picha kwa simu, kisha nikanunua kamera iliyokwisha kutumika, yenye lenzi moja, ambayo ninayo hadi leo. Kilichonivuta mwanzoni ni kile kinachomvuta karibu kila mtu, yaani urefu. Minara pacha ya PSPF, uliokuwa mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na jengo la Mamlaka ya Bandari, yote yenye ghorofa zaidi ya 30, yalikuwa yakipanda katika miaka ile, na kila baada ya muda umbo la mji angani lilikuwa limebadilika. Hata hivyo urefu humchosha mpiga picha upesi. Ukishapiga picha ya jengo refu kwa mara ya kumi, huna jipya la kusema juu yake isipokuwa kwamba ni refu. Kilichonifanya nisiiweke kamera kabatini ni jambo jingine, nalo ni jinsi kila jengo linavyopambana na jua.

Aliyenifundisha somo hilo ni jua lenyewe. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na kwa hiyo jua hupita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kwenye Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi jua la mchana huwa upande wa kusini. Miezi iliyobaki huwa upande wa kaskazini. Kwa mtu anayetembea mtaani tofauti hiyo haina uzito wowote, joto ni joto. Kwa mpiga picha wa majengo, hiyo ndiyo kalenda yake. Majengo ya Kivukoni yanatazama kusini-mashariki, kwenye maji. Mwezi wa Desemba jua la asubuhi linayapiga usoni moja kwa moja, rangi zinatoka zote, lakini kuta zinaonekana bapa, hazina kina. Mwezi wa Juni jua linachomoza upande wa kaskazini zaidi, na miale yake inazipitia kuta zile zile kwa ubavu, ikikwaruza kila ukingo wa dirisha, kila kibaraza na kila mstari wa lipu, hata jengo ambalo ulidhani ni tupu linajaa maumbo. Kisha kufikia katikati ya asubuhi kuta hizo zinaingia kivulini na kubaki humo siku nzima.

Jioni ya Juni nayo ina zawadi yake. Ukisimama karibu na kituo cha pantoni cha Kigamboni, jua huzama karibu kabisa nyuma ya minara ya katikati ya mji, ilhali mwezi wa Desemba linazama mbali upande wa kushoto, kuelekea Kurasini. Kwa hiyo picha ile ya majengo meusi mbele ya anga la chungwa, ambayo watu wengi huitafuta mwaka mzima na kulaumu kamera zao, ina msimu wake kama embe. Na ikifika, haisubiri. Katika ukanda wetu jua linashuka wima, na kati ya kuzama kwake na giza kuna dakika kama 20 tu za anga la buluu ambamo taa za madirisha na mwanga wa mbingu vinalingana. Wenzetu wa nchi za baridi wana saa nzima ya kubadilisha lenzi na kunywa chai. Huku anayeanza kutafuta mahali pa kusimama jua likiwa limekwisha kuzama, amekwisha kuchelewa.

Upepo nao una neno lake. Wakati wa kaskazi hewa huwa nzito kwa unyevu, na kutoka Kigamboni minara huonekana kama imefunikwa na chachi nyepesi. Baada ya masika, vumbi likiwa limeoshwa na kusi ikiwa imeanza kuvuma, huwa nahesabu hata viyoyozi vilivyotundikwa kwenye kuta za ng'ambo. Ndiyo maana picha zangu nyingi ninazozipenda ni za Juni na Julai.

Nilipokwisha kuzoea kulifuata jua, nikaanza kuona kwamba mafundi na wasanifu waliotutangulia walikuwa wakilifuata vilevile, tena kwa makini kuliko mimi. Boma la Kale, lililojengwa mwaka 1866 hadi 1867 wakati wa Sultani Majid kwa ajili ya kupokea wageni wake, lina kuta nene za mawe ya matumbawe na madirisha ambayo si makubwa. Ukilipiga picha saa sita mchana linatoka kama boksi jeupe lisilo na habari. Ingia ndani ya mlango wake wa nakshi saa hiyo hiyo, na ngozi yako itakueleza kwa nini kuta zilifanywa nene. Nilianza kupiga picha unene wa ukuta badala ya uso wake: dirisha lililotazamwa kutoka ndani, mwanga ukiingia kwa mshazari na kuonyesha kina cha jiwe. Hatua chache kutoka hapo, Azania Front, kanisa lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, lina jambo ambalo watu wengi wanalipita wakikimbilia mnara wake. Juu ya madirisha kuna vipaa vidogo vya vigae vilivyotokeza nje ili kuyakinga. Mtu aliyetoka Ulaya na michoro ya makanisa ya Ulaya alilazimika kukubali kwamba hapa dirisha linahitaji kofia. Asubuhi vipaa hivyo hutupa vivuli ukutani, na vivuli hivyo hutembea kadiri jua linavyopanda, kiasi kwamba ukuta ule ule una sura tofauti kila nusu saa.

Mitaa ya katikati, ile ambayo wakazi wa zamani huiita Uhindini, ndiyo iliyonishika kuliko mahali pengine popote, nami nakiri kuwa nina upendeleo nayo. Nyumba za ghorofa mbili au tatu zilizojengwa na wafanyabiashara zina majina ya familia na miaka ya ujenzi iliyochorwa kwa saruji juu ya paa, na chini yake kuna maduka, na juu ya maduka kuna roshani zinazokifunika kwa kivuli kinjia cha waendao kwa miguu. Nyingine zina ubao mwembamba wa zege unaozunguka jengo zima juu ya madirisha kama ukingo wa kofia. Nyingine zina ngazi zilizofunikwa kwa tofali za matundu zinazopitisha upepo na kukata jua vipande vipande. Mpiga picha anayelenga angani tu hawezi kuyaona haya. Mimi husimama upande wa pili wa barabara, naelekeza kamera kwenye roshani moja, kisha nasubiri kivuli cha jengo la jirani kifike pale ninapokitaka. Mama mmoja anayeuza vitumbua kwenye kona hiyo aliwahi kuniuliza, "Baba, unamsubiri nani?" Nilipomwambia nasubiri kivuli, alicheka hadi akaweka mwiko chini, lakini tangu siku ile yeye ndiye huniambia saa ngapi kivuli hufika kwenye kiti chake, kwa sababu anakihamisha kiti hicho kila siku kwa kukifuata kile kile ninachokifuata mimi.

Baadaye nikaanza kuwatafuta waliochora. Anthony Almeida alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1921, akasomea usanifu Bombay, akarudi kufanya kazi hapa hapa hadi uzeeni. Majengo yake ni ya kisasa kwa maana ya mistari iliyonyooka na kutokuwa na mapambo, lakini ukiyatazama kwa lenzi unaona kwamba kile kinachoonekana kuwa pambo ni chombo: ukuta wa matundu uko pale kwa ajili ya upepo, bamba la zege lililotokeza liko pale kwa ajili ya jua. Kanisa la pamoja la Wakristo aliloliunda katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam linahitaji mtu alikae, si alipitie. Huko huko Mlimani kuna Ukumbi wa Nkrumah, ambao Watanzania wengi waliwahi kuubeba mfukoni bila kuufikiria, kwa kuwa picha yake ilikuwa nyuma ya noti ya shilingi 500 kabla haijawa sarafu. Paa lake lililokunjuka kwenda juu pembeni ni jepesi machoni, na chini yake kuna kivuli kipana ambacho wanafunzi hukijaza bila kuambiwa.

Lakini kama ningeambiwa nichague jengo moja, ningechagua Soko Kuu la Kariakoo. Beda Amuli, Mtanzania, alilichora, nalo likajengwa katika miaka ya 1970. Kutoka barabarani halionyeshi ukubwa wake, kwa sababu limezingirwa na maduka, mikokoteni na maghorofa yaliyoota kulizunguka. Siku nilipopata ruhusa ya mwenye nyumba mmoja kupanda kwenye paa la jirani ndipo nilipolielewa. Juu yake ni miavuli ya zege iliyopinduliwa, imesimama bega kwa bega, kila mmoja ukiwa na mdomo mpana uliofunguka angani. Umbo hilo lina kazi: maji ya mvua hukusanywa na kila mwavuli, hushuka kupitia nguzo yake, na kuelekezwa kwenye hifadhi ya maji chini, huku hewa ya joto ikipata njia ya kutoka kati ya mwavuli na mwavuli, na wauzaji walioko chini wakipata kivuli bila kufungiwa ndani. Nguzo, paa, mfereji na kivuli ni kitu kimoja. Nilikaa pale juu tangu mchana hadi jua lilipolala, na nadhani niliteremka nikiwa mpiga picha wa aina nyingine, kwa sababu nilikuwa nimeacha kuuliza jengo linafananaje na kuanza kuuliza linafanya nini.

Moto wa Julai 2021 ulipoliunguza soko hilo, picha zile zilibadilika thamani mikononi mwangu. Vivyo hivyo picha nilizokuwa nimepiga Zanzibar za Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 lenye vibaraza vipana vilivyobebwa na nguzo ndefu za chuma, vibaraza ambavyo navyo ni kivuli kilichojengwa. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Sikuwa nimepiga picha hizo kama kumbukumbu, nilipiga kwa sababu nguzo zilitupa mistari mizuri sakafuni. Tangu hapo huwa napiga kwanza picha moja kavu ya jengo lote, ya mbele kabisa, isiyo na ufundi wowote, yenye tarehe, kabla ya kuanza kutafuta urembo. Huko Uhindini nyumba za ghorofa mbili zinaondoka kimyakimya kupisha maghorofa, na mara nyingine mabati ya uzio ndiyo yanayonijulisha kwamba roshani niliyokuwa nikiirudia haipo tena.

Kuhusu minara ya vioo, hukumu yangu imegawanyika. Kwa kamera ni raha: vioo vinabeba mawingu, vinabeba bahari, na asubuhi ya Juni, muda mfupi baada ya jua kuchomoza, vinarudisha mwanga hadi kwenye kuta za majirani ambazo jua lenyewe halijazifikia. Minara ya Benki Kuu, ambayo imekuwapo tangu katikati ya miaka ya 2000, huibadilisha rangi ya mtaa mzima kwa namna hiyo. Ila mtu aliyejifunza kwa Amuli na Almeida hawezi kutazama ukuta wa kioo unaoelekea magharibi, katika mji wa joto kama huu, bila kufikiria bili ya umeme. Jengo hilo halijalipatia jua jibu. Limelipeleka suala hilo kwa viyoyozi. Ninapolipiga picha nalipiga kwa heshima ya wahandisi wake, lakini nikitafuta mahali pa kupumzika nakaa chini ya roshani ya jirani yake mzee.

Kuna mambo ya kiutendaji ambayo nitayapitia haraka. Majengo marefu yakipigwa kutoka chini kwa kuinua kamera huonekana yanaanguka nyuma. Dawa yake ni kusimama mbali, au kupanda ghorofa ya kati ya jengo jingine, na kuweka kamera sawa kama fundi anayepima kwa pima maji. Hiyo ni sababu nyingine ya kupenda Kigamboni, kwani maji yanakupa umbali ambao barabara za mjini zinakunyima. Usiku standi ya miguu mitatu ni ya lazima, lakini standi humgeuza mpiga picha kuwa mtu wa kutiliwa shaka. Nimesimamishwa mara nyingi na walinzi, na wengi wao ni watu waungwana wanaofanya kazi yao. Kamera haielekezwi Ikulu, kwenye vituo vya jeshi wala ndani ya bandari, na hilo si jambo la kubishana. Kwa majengo mengine nimeona inasaidia kumsalimu mlinzi kabla hajanifuata, kumwonyesha picha zilizokwisha kupigwa, na kuuliza. Mlinzi mmoja mtu mzima, baada ya kuitika shikamoo yangu, alinikataza katakata nisipige picha ya lango, kisha akanielekeza mtaa wa nyuma ambako jengo lile lile linaonekana vizuri zaidi na ambako mtu hahitaji ruhusa ya yeyote. Nisingelipata pembe ile peke yangu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikulitarajia. Kama Watanzania wengi wa kipato changu, najenga kwangu kidogo kidogo, bati mwaka huu, madirisha mwaka ujao. Ramani niliyokuwa nayo ilikuwa ya kawaida: madirisha makubwa ya vioo na aluminiamu, paa lililofichwa nyuma ya ukuta kama yanavyotaka mitindo ya siku hizi, na sebule inayotazama magharibi. Nilipofika hatua ya lenta, yaani mkanda wa zege juu ya madirisha, nilikaa na picha zangu usiku mmoja nikamwita fundi kesho yake. Nilimwonyesha vipaa vya Azania Front, roshani za Uhindini na kuta za matundu za Almeida, nikamwambia nataka paa litokeze nje zaidi ya alivyopanga, na upande wa magharibi nataka ukuta wa tofali za matundu mbele ya dirisha la sebule.

Fundi wangu ni mtu wa heshima lakini hafichi mawazo yake. "Mzee, paa la kutokeza hivyo ni la nyumba za zamani," alisema, "watu watasema fedha ilikuisha ukashindwa kuinua ukuta." Tulibishana kuhusu gharama ya mabati na mbao za ziada, kuhusu upepo wa kusi ambao kweli unaweza kulinyanyua paa lililotokeza lisipofungwa vizuri, na kuhusu tofali za matundu ambazo ilibidi tutengeneze kibati maalumu cha kuzifyatulia palepale kiwanjani. Katika suala la upepo alikuwa na hoja kuliko mimi, tukapunguza urefu wa ukingo na kuongeza nondo za kulishikilia paa kwenye lenta. Ukuta wa magharibi ulikamilika kabla ya Januari, mwezi ambao sebule za majirani haziingiliki alasiri, na fundi alikuja siku moja saa tisa akiwa na mteja mwingine, akaomba waingie wakae kidogo. Walipotoka nje mteja yule aliniuliza maswali mengi kuhusu ukubwa wa matundu, nami nikamtumia kwenye simu ile picha ya ngazi za Uhindini ambako niliyachukua, pamoja na jina la mtaa, ili aende akapime mwenyewe.